Rova Imekwama kwenye Floti: Kutafuta Chanzo katika UHF, LoRa na Mtandao wa Simu

Upimaji wa RTK, yaani wa kupata mahali kwa usahihi wa sentimita papo hapo kwa setilaiti, hutegemea mambo mawili: setilaiti ambazo besi (kipokezi kilichosimama kituoni) na rova (kile anachotembea nacho mpima) zinaziona kwa wakati mmoja, na njia isiyo na waya inayobeba marekebisho kutoka besi hadi rova. Skrini ya kontrola, kifaa cha mkononi cha mpima, huonyesha matokeo ya yote mawili kwa neno moja tu, yaani fiksi (usahihi wa sentimita umepatikana), floti (marekebisho yapo lakini usahihi huo haujafikiwa) au nafasi ya kawaida isiyo na marekebisho, na ndiyo maana mpima aliyekwama uwandani ni mwepesi wa kuilaumu redio hata pale isipohusika. Mara nyingi huishia kusema kwamba redio ni dhaifu na inahitajika nyingine yenye wati nyingi zaidi, au kwamba UHF, redio ya kawaida ya upimaji ya megahezi 450 hivi, imepitwa na wakati na ni afadhali kuhamia kwenye LoRa, redio ya nguvu ndogo inayosifiwa kwenda mbali, au mtandao wa simu. Huenda ikawa kweli. Hata hivyo, kila teknolojia kati ya hizi ina namna yake ya kushindwa, na dalili ikisomwa kwa makini huonyesha kama dawa ni kununua kifaa kingine au ni kuinua antena mita mbili.

Kwanza soma umri wa marekebisho

Kontrola karibu zote zina ukurasa unaoonyesha umri wa marekebisho, yaani muda uliopita tangu yatoke besi, kwa sekunde. Besi inapotuma kila sekunde, umri huo unapaswa kucheza kati ya sekunde moja na mbili. Ukiwa hapo na bado rova iko kwenye floti, redio inafanya kazi yake na tatizo liko angani au juu ya kichwa cha mpima: matawi ya miembe, ukuta wa ghorofa, au umbali mkubwa mno kutoka besi. Kwa Afrika Mashariki ni lazima kuongeza ionosfia, tabaka la juu la hewa lenye chembe za umeme, kwa kuwa hatuko mbali na ikweta ya sumaku, na baada ya jua kuzama mawimbi ya setilaiti yanaweza kuyumba kiasi cha kuinyima rova fiksi kwa saa kadhaa huku marekebisho yakifika bila kukatika. Anayebadilisha redio saa moja usiku kwa sababu hiyo anapoteza fedha.

Umri ukipanda hadi sekunde tano, kumi, kumi na tano, kisha ukarudi kwenye moja, mawasiliano yanakatika na kurudi. Na pale ambapo umri hauonekani kabisa, rova haijawahi kupokea ujumbe hata mmoja inaoweza kuuelewa. Hali hizi mbili zina vyanzo tofauti kabisa, na hazifai kutibiwa kwa njia moja.

Dalili: rova haipokei chochote hata ikiwa karibu na besi

Jaribio hili lifanyike rova ikiwa mita hamsini hivi kutoka besi, na redio ya besi ikiwa kwenye nguvu ndogo. Redio ya nje ya wati 35 ikiwa mita tatu kutoka kwenye rova inaweza kulemea kipokezi kwa nguvu yake yenyewe, na mpima akadhani mipangilio ni mibovu.

Angalia taa ya kutuma kwenye redio ya besi. Isipomweka mara moja kila sekunde, hewa haina kosa: data haijafika kwenye redio. Chunguza kebo kati ya kipokezi cha besi na redio, mlango uliochaguliwa kutoa marekebisho, na kasi ya mlango huo, kwa maana kipokezi kikitoa data kwa biti 38400 kwa sekunde na redio ikasubiri 19200, hakuna kitakachopita. Chunguza pia kama besi imeanzishwa kweli kwa kupewa koodineti za kituo, kwa sababu mashine nyingi hazitoi marekebisho kabla ya hapo.

Taa ya kutuma ikimweka lakini taa ya kupokea upande wa rova imelala, linganisha masafa, tarakimu kwa tarakimu, hadi ya mwisho baada ya nukta. Jedwali la chaneli huwekwa tofauti katika kila redio, kwa hiyo chaneli ya 3 ya besi si lazima iwe chaneli ya 3 ya rova. Taa zote mbili zikimweka pamoja na bado umri hauonekani, mawimbi yanafika lakini lugha haieleweki. Hapo ndipo penye kazi. Upana wa chaneli unaweza kuwa kilohezi 12.5 upande mmoja na 25 upande wa pili. Itifaki inaweza kuwa TRIMTALK huku na Satel kule. Kasi ya hewani, aina ya modulesheni na usahihishaji wa makosa navyo ni lazima vilingane, na kimoja kikitofautiana matokeo ni ukimya uleule. Wanaochanganya besi ya kampuni moja na rova ya nyingine ndio wanaokutana na hili zaidi, na suluhisho la uhakika ni kuchukua itifaki ya zamani inayojulikana na pande zote badala ya ile mpya ya kampuni.

Jambo la mwisho katika kundi hili ni muundo wa marekebisho yenyewe. Ujumbe wa aina ya MSM, wenye namba kama 1074 na 1084, uliingia katika RTCM, kiwango cha kimataifa cha kuandika marekebisho, mwaka 2013. Rova ya kabla ya hapo isiyoboreshwa programu yake huupokea ikautupa, ilhali ujumbe wa 1004 na 1012 ingeuelewa bila shida.

Dalili: karibu inapokea, baada ya kilomita mbili au tatu inapotea

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote, na ndiyo inayowafanya watu wanunue wati. Kabla ya kununua, fanya hesabu ya upeo wa macho wa redio: chukua kimo cha kila antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, jumlisha vipeuo viwili, kisha zidisha kwa 4.12, utapata umbali kwa kilomita. Antena mbili zilizo mita mbili juu ya ardhi tambarare hupata takriban kilomita 11.7. Ukiinua ya besi hadi mita tano, upeo unafika kilomita 15. Huo ni ukomo unaowekwa na umbo la dunia, na hauongezeki kwa kubadilisha redio.

Ndani ya upeo huo pia ardhi inadai sehemu yake. Mawimbi hayasafiri kwenye mstari mwembamba. Yanahitaji nafasi inayoitwa ukanda wa Fresnel, ambao katikati ya njia ya kilomita 10 kwa megahezi 450 una nusu kipenyo cha mita 41 hivi. Hakuna mlingoti wa mpima unaoweza kuuacha ukanda huo wazi, kwa hiyo sehemu ya mawimbi hugonga ardhi, ikaakisiwa na kupunguza yale yanayokwenda moja kwa moja. Matokeo ni kwamba juu ya ardhi tambarare nguvu hupungua kwa kipeo cha nne cha umbali badala ya cha pili. Kutoka wati 2 hadi wati 35 ni ongezeko la desibeli (kipimo cha uwiano wa nguvu) 12.4, ambalo angani tupu lingezidisha umbali mara nne, lakini juu ya tambarare kama zile za Dodoma huuzidisha mara mbili tu. Upande wa pili, kuongeza kimo cha antena ya besi maradufu, tuseme kutoka mita mbili hadi nne, huleta desibeli 6, sawa na kuzidisha wati mara nne. Bomba la alumini na kamba tatu za kulishikilia ni bei rahisi kuliko redio yoyote.

Basi utaratibu ni huu. Antena ya redio ya besi isiachwe kwenye miguu mitatu pamoja na kipokezi, bali ipewe mlingoti wake, na iwekwe mita kadhaa kutoka kwenye antena ya setilaiti ili isiiharibie usikivu. Kebo iwe fupi au nene: kebo nyembamba ya RG-58 hupoteza takriban theluthi moja ya desibeli kwa kila mita katika masafa haya, kwa hiyo mita kumi zake humeza karibu nusu ya nguvu kabla haijafika juu. Antena iwe ya masafa yanayotumika, kwani iliyokatwa kwa megahezi 410 hadi 430 haitumi vizuri kwenye 465, na nguvu inayorudishwa huichosha redio. Kutuma bila antena kabisa ni njia ya haraka ya kuunguza hatua ya mwisho ya kikuza nguvu, na kosa hilo hutokea asubuhi, mtu anapowasha kwanza na kufunga antena baadaye.

Kwenye rova, antena ndogo iliyo chini ya kipokezi isizibwe na mkono wala mwili. Watu wa mjini hawalioni hili. Katika mkonge mrefu au mahindi yaliyolowa mvua tofauti inaonekana kwenye skrini.

Milima ni habari nyingine. Megahezi 450 hupinda zaidi kidogo juu ya ukingo wa kilima kuliko 900, na 900 kuliko gigahezi 2.4, lakini hakuna inayopenya Uluguru au kuta za Bonde la Ufa. Hapo inahitajika redio ya kurudia juu ya kilima, pamoja na tahadhari itakayoelezwa chini kuhusu wingi wa data, au kuhamishia besi juu ya kilima chenyewe ikiwa kuna kituo kinachojulikana.

Dalili: asubuhi inafika mbali, adhuhuri umbali umepungua

Betri. Redio ya wati 35 inapotuma hunyonya ampea saba hadi tisa kwa volti 12, na betri ya gari iliyochoka hushuka kwa kila mweko wa taa. Pima volti kwenye ncha za redio wakati inatuma, wala si kwenye betri ikiwa imetulia, maana waya mwembamba wa mita tatu unaweza kupoteza volti nzima njiani. Redio nyingi hujipunguzia nguvu zenyewe joto likizidi, kwa hiyo pia iwekwe kivulini.

Dalili: mawimbi ni mazuri, lakini umri unaruka kwa mpangilio

Umri unaopanda moja, mbili, tatu, kisha kurudi moja, tena na tena, hata rova ikiwa karibu, ni ishara ya njia iliyojaa. Besi ya siku hizi inayofuata mifumo ya setilaiti ya GPS, GLONASS, Galileo na BeiDou hutoa kwa MSM4, aina fupi ya ujumbe wa MSM, kiasi cha baiti 500 hadi 700 kila sekunde, yaani biti 4000 hadi 5600. Redio ya UHF iliyowekwa biti 4800 kwa sekunde hewani haiwezi kuzibeba. Ya 9600 inaziweza bila shida. Anayechagua MSM7, iliyo ndefu zaidi, anaongeza zaidi ya nusu ya mzigo huo bila faida ya kuonekana katika kazi ya kawaida ya mipaka. Na redio ya kurudia ikiwepo, kila ujumbe hupita hewani mara mbili, kwa hiyo hata 9600 inakuwa finyu na upana wa kilohezi 25 wenye kasi ya 19200 ndio unaofaa, ikiwa leseni inauruhusu.

Ni hapa LoRa inapoeleweka vibaya. Sifa yake ya kwenda mbali kwa nguvu ndogo ni ya kweli, lakini umbali unanunuliwa kwa kasi. Katika upana wa kilohezi 125, kiwango cha kutawanya mawimbi cha SF12 hufikia usikivu wa karibu desibeli 137 chini ya miliwati moja (-137), huku kikipitisha biti 290 hivi kwa sekunde, ambazo hazitoshi hata kwa GPS peke yake. SF7 hupitisha biti takriban 5500 kwa usikivu wa karibu -123. Redio ya UHF ya kilohezi 12.5 ina usikivu wa -110 hivi, kwa hiyo LoRa ya wati 0.1 kwenye SF7 kwanza inajikuta sawa na UHF ya wati 2: pungufu ya desibeli 13 katika kutuma, ziada ya desibeli 13 katika kusikia, kisha inapoteza nyingine karibu sita kwa kuwa megahezi 868 ni maradufu ya 450. Tangazo la kilomita nane ni halali pale ambapo antena zinaonana. Kulitarajia katikati ya miombo ni jambo jingine.

Kwa mwenye kipokezi cha LoRa, dawa ya umri unaoruka ni kupunguza mzigo: ujumbe wa 1006 wa mahali pa besi utumwe kila sekunde kumi, mfumo mmoja wa setilaiti uachwe au utumwe kila sekunde mbili, na 1230 wa GLONASS kila sekunde tano au zaidi. Rova hupata fiksi vizuri kwa marekebisho yenye umri wa sekunde mbili au tatu. Mpima aliyesimama juu ya bikoni, alama ya upimaji iliyowekwa ardhini, hahitaji zaidi.

Dalili: sehemu fulani tu mawasiliano hufa, tena bila kilima

Zima besi, kisha tazama taa ya kupokea ya rova. Ikiendelea kumweka, kuna mtu mwingine kwenye masafa hayo, iwe redio za mkononi za walinzi, za machimbo au za kikosi kingine cha upimaji. Kuhama chaneli ndilo suluhisho, lakini lazima iwe chaneli iliyomo katika leseni kutoka TCRA kwa Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya, au UCC kwa Uganda. Kuchagua masafa kwa kubahatisha kunaweza kuingilia redio za polisi au za uwanja wa ndege.

Kisa cha pekee ni redio za megahezi 900 zinazokuja na mashine zilizotumika kutoka Marekani. Kule ukanda wa 902 hadi 928 ni huru kwa wote, na redio zinazorukaruka kati ya masafa zimeufanya kuwa chaguo la wengi. Huku kwetu, kama ilivyo Ulaya, sehemu ya chini ya ukanda huo inatumiwa na simu za GSM kutuma kuelekea mnarani hadi megahezi 915, na kuanzia 925 minara yenyewe hutuma kuelekea simu. Dalili yake haifanani na nyingine: porini redio inakwenda vizuri, ukikaribia mnara wa simu inazibwa masikio. Zaidi ya hapo, ni kosa kisheria, kwa kuwa redio hiyo nayo inausumbua mnara. Hakuna mpangilio wa kuitibu, isipokuwa kubadilisha moduli au kutumia njia nyingine.

Dalili: kwenye mtandao wa simu, inaunganika lakini hakuna fiksi

Marekebisho kupitia intaneti hutumia itifaki ya NTRIP, iliyobuniwa na shirika la serikali la BKG la Frankfurt, Ujerumani, na kwa kawaida hupitia mlango wa 2101. Hakuna leseni ya masafa, hakuna mlingoti, na bando linalohitajika ni dogo, kwani baiti 600 kwa sekunde hufanya megabaiti mbili na ushei kwa saa. Kwa kazi za viwanja mijini sioni sababu ya kubeba betri ya gari.

Kosa la 401 ni jina au nywila. Ukirudishiwa orodha ya vituo badala ya data, jina la kituo ulichoandika halipo, na herufi kubwa na ndogo huhesabika. Ukiunganika na data isije, huenda seva inasubiri rova itume mahali ilipo kwa ujumbe wa GGA. Washa utumaji huo. Data ikija, umri ukawa sekunde moja na floti ikabaki, angalia umbali: kituo kilicho kilomita 60 kinaweza kufikiwa na simu kwa wepesi uleule wa kilicho kilomita 6, lakini hewa iliyo juu ya kituo cha mbali haifanani na iliyo juu ya rova. Redio ya UHF humkatalia mpima mapema kwa kukatika. Mtandao wa simu unamwachia aende mbali kuliko RTK inavyoruhusu.

Umri unaoruka hadi sekunde ishirini, kisha data ikaja kwa mkupuo, ni mnara uliolemewa au simu inayohama kutoka 4G kwenda 2G na kurudi. Kuifunga modemu kwenye aina moja ya mtandao husaidia mara nyingi. Anayetumia besi yake mwenyewe kupitia seva akumbuke kwamba sasa anahitaji mtandao sehemu mbili, na bonde moja likikosa mnara kazi yote imesimama.

Dalili: kontrola inapoteza total station ya roboti

Redio za total station za roboti, mashine za kupima pembe na umbali zinazomfuata mpima zenyewe, na Bluetooth ziko gigahezi 2.4, pamoja na Wi-Fi ya kila jengo. Mwili wa binadamu huyameza mawimbi haya sana, kwa hiyo kontrola ishikwe upande unaotazama mashine. Bluetooth ya kawaida ya kontrola imekusudiwa mita kumi. Ikiwa kazi inadai mamia ya mita, tumia redio ya masafa marefu ya mashine yenyewe, ikiwa na antena yake ya nje imesimama wima.

Dalili: fiksi ipo, umri ni mzuri, lakini koodineti zimehama

Vikosi viwili vinapofanya kazi jirani kwenye chaneli moja, rova inaweza kuchukua marekebisho ya besi isiyo yake. Kama besi hiyo ilianzishwa kwa nafasi ya kawaida isiyosahihishwa, pointi zote zitahama kwa mita moja au zaidi, na skrini itaendelea kuonyesha fiksi yenye usahihi wa sentimita. Vivyo hivyo besi ikizimika kwa betri na mtu akaiwasha upya bila kuingiza koodineti zilezile. Weka namba ya utambulisho ya besi iliyo ya kwako, iamuru rova ikatae namba nyingine yoyote, na hakikisha umbali hadi besi unaoonyeshwa na kontrola unalingana na ule unaoujua. Kisha, kila mawasiliano yanaporudi baada ya kukatika kwa muda mrefu, simamisha rova juu ya bikoni inayojulikana kabla ya kupima pointi inayofuata, na tofauti ikizidi sentimita tatu au nne, futa zilizopimwa tangu ukaguzi wa mwisho.